Buibui Aliyekwama Katika Gamba Lake

Katika nyumba kadha wa kadha za Manchester, Köln, Prague na Toronto, juu ya rafu ambazo sisi tungezipanga vitabu au vikombe vya wageni, huwekwa visanduku vya kioo vilivyobandikwa majina ambayo msomaji wa Tanga au wa Morogoro angeyasoma mara mbili kwa mshangao: Usambara, Mikumi, Kigoma. Ndani yake hamna kahawa wala vinyago. Mna buibui, wala si yule mwembamba atandaye utando katika pembe za dari zetu, bali tarantula, buibui mnene mwenye manyoya ambaye miguu yake ikikunjuliwa huenea kiganja cha mtu mzima, na ambaye R. I. Pocock, mtaalamu wa makumbusho ya London, alimpa jina la Pterinochilus murinus mwaka 1897. Wale wanaoitwa wa Usambara wana rangi ya machungwa inayowaka, na kwa rangi hiyo, pamoja na hasira zao za haraka, wamejipatia sifa katika nchi ambazo wazee wao walipelekwa kwa njia ya biashara. Walakini wengi waliopo leo wamezaliwa huko huko ughaibuni, ndani ya visanduku, wala hawajapata kuiona mvua ya masika.

Mtu asiyewajua wafugaji wa viumbe hawa hudhani kwamba jambo liwatialo wahka ni sumu. Si hilo. Sumu ya tarantula wa Afrika inauma sana, na mwenye akili hujihadhari nayo, lakini hiyo ni hatari inayojulikana, inayokingika kwa kifuniko imara na kibano kirefu. Jambo linalowafanya watu wazima, wenye kazi na heshima zao, wakeshe usiku kucha wamepiga magoti mbele ya kisanduku, taa imefunikwa kitambaa na watoto wamekatazwa kukanyaga sakafu kwa kishindo, ni siku ile ambayo buibui wao ameanza kujivua gamba, akafika nusu ya safari, akakwama. Nimezifuatia kwa muda habari za tiba ambazo wafugaji hawa wamezikusanya kwa tajriba ya miaka mingi, nyingine za busara na nyingine za papara, na kadiri nilivyozitazama ndivyo nilivyoona kwamba maradhi haya, tangu chanzo chake hata dawa yake, ni habari moja tu: habari ya maji.

Kwanza tumwondolee shaka yule aulizaye kwa nini mtu ajitaabishe hivyo kwa ajili ya dudu. Tarantula jike si mgeni wa msimu mmoja. William J. Baerg, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Arkansas, aliyewafuga na kuwachunguza kwa miongo kadhaa na kutoa kitabu juu yao mwaka 1958, alionyesha kuwa tarantula wa nchi yake huchukua karibu miaka kumi kufikia utu uzima, na kwamba jike akishafika hapo huendelea kuishi hata umri wake ukapita miaka 20. Huko Australia Magharibi, Barbara York Main alianza mwaka 1974 kuwatazama buibui wa mashimo yenye vifuniko, ambao ni jamaa wa mbali wa tarantula, na mmoja wao, jike aliyeandikwa kwa nambari 16, aliishi miaka 43. Tena hakufa kwa uzee, bali kwa kuvamiwa na nyigu. Basi mtu aliyemnunua buibui wake angali mwanafunzi aweza kuingia naye katika nyumba ya ndoa, akazaa, akawapeleka watoto shule, naye bado yumo katika kisanduku kile kile. Na kama buibui mwenyewe ni wale wa Mexico wenye magoti mekundu, ambao biashara iliwachukua kupita kiasi hata wakaingizwa mwaka 1985 katika CITES, mkataba unaosimamia biashara ya viumbe vya mwituni, kumpata mwingine wa umri huo si jambo la kwenda dukani na kurudi. Sisi watu wa pwani, tuliosimuliwa utotoni kisa cha buibui aliyetanda utando mlangoni mwa pango la Thawr alimojificha Mtume, maadui wakapita wasiingie, na kwa sababu hiyo tukakanywa tusimuue, hatuna haki hata kidogo ya kuwacheka watu wanaomhurumia.

Buibui hana mifupa ndani. Kinachomsimamisha ni gamba lake, ambalo ni ngozi na mifupa na deraya kwa pamoja, nalo likishakauka halitanuki. Basi akitaka kukua hana budi kulitoka lile la zamani na kubaki na jipya lililokuwa limejikunja chini yake; mtoto hufanya hivyo kila baada ya wiki chache, na mkubwa mara moja kwa mwaka, au hata baada ya miaka miwili. Muda kabla ya siku yenyewe hukataa chakula, hupooza, huziba mlango wa shimo lake kwa hariri. Na kama ni wa bara la Amerika, mwenye upara juu ya tumbo kwa ajili ya kupukutisha manyoya yake ya kuwasha, upara ule hugeuka mweusi, kwa kuwa manyoya mapya yanaonekana kupitia ngozi kuukuu. Wakati huo, baina ya gamba la zamani na jipya, mwili unamimina majimaji yenye vimeng'enya, nayo huila tabaka ya ndani ya gamba kuukuu hata likabaki jembamba; na majimaji yale yale ndiyo yatakayoilainisha njia ya kutokea.

Saa ikiwadia hutandika jamvi la hariri, akalala chali juu yake. Damu husukumwa kutoka tumboni kuelekea kifuani, tumbo likasinyaa na kifua kikafura, mpaka gamba la mgongo likapasuka kandokando na kubanduka. Kisha, kwa kujikaza na kujilegeza, tena kujikaza na kujilegeza, huichomoa miguu yote minane, na vipapasio viwili, na chonge zake mbili, kila kiungo kikitoka katika gamba lake kama jambia linavyotoka alani. Wala si ngozi ya nje peke yake inayovuliwa: utando wa kinywa, na wa koo, na wa lile tumbo dogo la kunyonyea chakula, na wa mapafu, vyote hutoka pamoja nalo. Mtu aliyeliona gamba lililovuliwa salama, limelala kisandukuni na manyoya yake na kucha zake zote, huweza kuapa kwamba mna buibui wawili.

Ili tuufahamu ugumu wa kazi hii yatupasa tujue jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa shuleni. Buibui huikunja miguu yake kwa misuli, lakini viungo vikubwa vya miguu hiyo havina misuli ya kuvinyosha; huvinyosha kwa kusukuma damu ndani yake. C. H. Ellis aliieleza habari hii mwaka 1944, na mwaka 1959 D. A. Parry na R. H. J. Brown wa Cambridge walizipima nguvu za damu katika mguu wa buibui wa nyumbani, wakazikuta katika hali ya kawaida ni kama sentimeta 5 za zebaki, na katika mwendo wa ghafla zikipanda hata sentimeta 40, ilhali daktari akimpima presha mtu mzima mwenye afya aghalabu huikuta katika kilele chake ni kama sentimeta 12. Kiumbe huyu mdogo, kwa hiyo, hutembea kwa maji, huruka kwa maji, na hujivua gamba kwa maji. Akipungukiwa na maji mwilini hawezi kulipasua gamba. Akilipasua hawezi kuichomoa miguu. Na akiichomoa hawezi kuinyosha kabla haijakauka, ikakauka imepinda.

Kabla ya kuifikia ajali yenyewe ni wajibu kuitaja ile ambayo haina haja ya tiba yoyote. Mfugaji mpya huamka asubuhi, akamkuta buibui wake amelala chali, hajongei, miguu imeachana. Akasikitika, akamfunga katika karatasi, akamtupa au akamzika yungali hai. Au, kwa huruma iliyokosa elimu, humpindua arudi kifudifudi, na kwa kumpindua humharibia nguvu zote alizokuwa amezikusanya. Buibui afapo aghalabu hafi chali. Hufa kifudifudi, miguu imejikunja chini ya kifua, na sababu yake tumekwisha kuiona: damu iliyokuwa ikiinyosha imeishiwa nguvu, na misuli ya kukunja imebaki bila mpinzani. Aliyelala chali ni mzima na yumo kazini, na msaada anaotaka saa hiyo ni kuondolewa nyenje waliotiwa kisandukuni kuwa chakula chake, kwani nyenje akimkuta mwindaji wake amelala hoi na mwili wake laini humgeuza yeye kuwa kitoweo.

Sababu za kukwama zinasemwa nyingi. Uzee umo, kwa maana majike wa umri mkubwa ndio wanaokwama mara kwa mara. Jeraha la zamani limo, hasa mguu uliopinda katika gamba lililotangulia. Kushtuliwa kumo, na udhaifu wa maradhi pia. Lakini juu ya zote husimama kiu, na hapa ndipo ilipo ihtilafu kubwa ya wafugaji. Wako washikao ada ya zamani, ambao wakiona dalili za kujivua hunyunyiza maji kila pembe, wakaulowesha udongo, wakaziba matundu, hata kisanduku kikatoka jasho. Nao husema kwamba hewa yenye unyevu huilainisha ngozi. Wako wasemao kwamba unyevu wa namna hiyo huzaa ukungu na kumnyima mnyama pumzi, na kwamba gamba la buibui lina nta juu yake ipitishayo maji kwa shida, basi maji yenye faida ni yale aliyoyanywa kwa kinywa chake wiki nyingi kabla. Kwa buibui wa nchi kavu, na hao wetu wa nyika wamo, mimi naona hoja ya pili ina nguvu zaidi. Wale wa misitu ya mvua wana hukumu yao, kwa kuwa wao hukauka upesi hewa ikikauka. Bakuli la maji safi lisilokosekana, mwaka mzima, hata kwa mnyama ambaye mwenyewe hamwoni akinywa, ni kinga kubwa kuliko dawa zote nitakazozitaja hapa chini. Na sakafu ya kisanduku, kwa taarifa ya wakwezi wetu, aghalabu hutandikwa makumbi ya nazi yaliyosagwa, yale yale ambayo wanawake wa Unguja huyafukia pwani miezi kadhaa yaoze wapate kusokota kamba. Huko Ulaya huuzwa katika matofali madogo yaliyoshindiliwa, kwa bei ambayo afadhali nisiitaje.

Sasa tumchukulie mfugaji ambaye jike lake limelala chali tangu magharibi. Gamba la mgongo limebanduka, chonge zimetoka nyeupe na laini, miguu ya kushoto iko nje. Ile ya kulia imetoka nusu. Saa zinakwenda, naye yu kimya. Swali la kwanza si la nini cha kufanya bali ni la lini, kwa kuwa kujivua kwa tarantula mkubwa huchukua saa kadhaa, na wako wachukuao mchana na usiku na wakatoka salama. Kanuni waliyoafikiana wafugaji wenye insafu ni kwamba mkono usiingie maadamu mnyama angali anajitahidi, ijapokuwa polepole, ijapokuwa baina ya jitihada na jitihada kuna kituo kirefu cha kupumzika. Mkono una ruhusa pale tu mwendo unapokatika kabisa, na sehemu zilizokwisha kutoka zinapoanza kubadilika rangi na kukauka. Maana ngozi mpya ikikauka ndani ya ngozi ya zamani, viwili hivyo vimefungwa pamoja. Mwenye kuwahi mno huua, na mwenye kuchelewa mno hukuta mlango umefungwa. Baina ya mbili hizo hakuna saa ya ukutani itakayomwongoza. Ataongozwa na macho yake.

Vyombo vyake ni vichache: maji ya vuguvugu katika kikombe, tone la glisirini ndani yake, brashi nyembamba ya mchoraji, kibano chenye ncha butu, mkasi mdogo mkali, na kioo cha kukuzia. Wako watiao sabuni badala ya glisirini, nami siwaungi mkono, kwa kuwa sabuni huyafanya maji yaenee na kupenya mahali yasipotakiwa. Na mahali hapo pako karibu mno. Mapafu ya tarantula ni manne, na milango yake ni mianya minne iliyo upande wa chini wa tumbo. Buibui akilala chali, mianya hiyo imekabili juu. Tone moja la maji lililoponyoka kwenye brashi likaingia humo laweza kumtosa mgonjwa katika nchi kavu. Basi brashi hukamuliwa kwanza, kisha hupitishwa pale tu gamba kuukuu linapoishia na ngozi mpya kuanzia, kwenye ukingo wa mguu ulionasa, pole pole, tena na tena, na katikati yake mtabibu huondoa mkono, akafunika kisanduku, akasubiri. Mara nyingi hilo linatosha. Unyevu ukiingia chini ya gamba, mnyama aliyedhaniwa amekata tamaa hujikaza upya, na mguu ukatoka wenyewe. Na mguu uliotoka kwa nguvu za mwenyewe ni bora mara dufu kuliko uliovutwa.

Kuvuta ndiko kunakoua. Mguu mpya hauna gamba gumu la kuuhifadhi. Ni kifuko chembamba kilichojaa damu yenye msukumo mkubwa, na kikipasuka damu hutoka upesi. Damu ya buibui haina rangi ya kututisha sisi, kwa kuwa hubeba hewa kwa shaba badala ya chuma, nayo ni majimaji yasiyo na wekundu wowote, yakielekea ubuluu hafifu. Mfugaji mgeni huweza kuyaona akadhani ni maji yake mwenyewe ya brashi. Ikitokea, huzibwa kwa unga laini wa wanga wa mahindi au kwa mafuta ya mgando, na jeraha la mguu aghalabu hukubali. Gundi kali hutumiwa pia, nayo hubanduka pamoja na gamba litakalofuata, ila ikigusa maungo mawili huyashikamanisha, na hapo aliyeitia amejiwekea akiba ya msiba wa mwakani. Jeraha la tumbo ni jambo jingine: tumbo ni laini zaidi, na damu nyingi imo humo, na waponao ni wachache.

Ikiwa gamba halitoki kwa unyevu, hukatwa. Ncha ya mkasi huingizwa chini ya ukingo ulioinuka, na gamba likapasuliwa kwa urefu wake kidogo kidogo, likaondolewa kwa vipande. Kipande kilichoshika juu ya tumbo, kama hakikuziba mapafu wala tundu la choo wala vifereji vya hariri, huachwa kilivyo, na bidii ya kukiondoa kwa ajili ya uzuri ni bidii ya ujinga.

Katika saa hii mna kioja ambacho wafugaji wa hao wa Usambara hukisimulia kwa kicheko. Mnyama ambaye siku zote, kifuniko kikiguswa, huinua miguu ya mbele na kutoa chonge, na ambaye hakuna aliyethubutu kumgusa tangu aliponunuliwa, sasa amelala mbele ya mkono wa mtu na chonge zake ni laini, haziwezi kutoboa hata karatasi ya shashi. Huvumilia brashi. Baada ya siku chache chonge zile zitakuwa nyekundu, kisha nyeusi, na udhia wake utarudi wote.

Huenda ikafika saa ambayo mguu umekwisha kukauka ndani ya gamba, hautoki kwa maji wala kwa mkasi. Hapa pana uamuzi ambao mtu aliyezoea kuuguza wanadamu huuona ni ukatili, nao ni rehema. Maumbile yamempa buibui uwezo wa kuuacha mguu: baina ya pingili ya kwanza na ya pili, karibu na kifua, pana mahali palipowekwa tayari kukatika, na mguu ukiachia hapo misuli hujifunga na damu ikakoma. Mwituni hufanya hivyo akishikwa na adui. Mfugaji humsaidia kwa kuushika mguu ulioharibika kwa kibano kwenye pingili ya tatu, iliyo ndefu na nene, na kuunyanyua juu kwa mara moja, bila kusitasita, nao ukaachia pale panapostahili. Kusitasita ndiko kunakoleta jeraha pasipo mahali pake. Lakini jambo hili lisifanywe usiku ule ule kama laweza kungoja. Mnyama aliyetoka gambani amechoka na mwili wake haujakaa sawa, na mguu mmoja ulionasa, kama haumzuii kusimama, huweza kungoja siku kadhaa hata apate nguvu. Mguu uliopinda haupaswi kuhifadhiwa kwa huruma, kwa sababu utakuwa kikwazo kile kile katika kujivua kutakakofuata, ilhali buibui mwenye miguu sita hutembea, huwinda na hutanda hariri bila taabu kubwa.

Baada ya hapo huja siku za kuuguza. Wafugaji wana chombo wakiitacho kwa mzaha wodi ya mahututi: kopo dogo la plastiki lenye matundu, limetandikwa karatasi za shashi zilizoloweshwa maji, mgonjwa akawekwa humo katika giza na joto la kadiri. Chombo hiki kimewaokoa waliokauka, na kimewaua ambao shida yao haikuwa ukavu, kwa kuwa mtu akishakuwa na wodi hutamani kulaza kila mgonjwa. Kwa aliyetoka gambani akiwa dhaifu, mwenye tumbo lililosinyaa na miguu inayoanza kujikunja, kina maana, kwa saa chache au usiku mmoja. Kwa mwingine bakuli linatosha, tena kwa namna hii: mfugaji humweka mgonjwa kinywa kwenye ukingo wa maji, kifua kimeinama mbele na tumbo limebaki nyuma nchi kavu, mapafu yakiwa salama. Akinywa, mtazamaji mwenye subira huliona tumbo likijaa na miguu ikinyooka.

Chakula hakina haraka. Mkubwa hukaa wiki mbili au zaidi kabla ya kupewa windo, na mwenye tumbo nene aweza kufunga miezi. Shida huja kama chonge zilivunjika au zilibaki ndani ya gamba, kwani mwindaji asiye na chonge hawezi kuua hata nyenje mdogo. Hata hivyo si hukumu ya mauti, maana buibui hatafuni vyakula vigumu akavimeza; huvitapikia vimeng'enya, vikayeyuka, akavifyonza. Mfugaji hufanya kazi ya chonge kwa mikono yake: humponda nyenje aliyekwisha kufa, akamkamulia katika kisahani na maji kidogo, akauweka uji ule chini ya kinywa cha mgonjwa, na akauondoa kabla haujachacha. Kwa uji huo wako tarantula waliovuka miezi mingi mpaka gamba jingine, ambalo lilikuja na chonge mpya kamili.

Pana ajali moja isiyo na tiba, nayo haionekani kwa nje. Nimesema kuwa utando wa tumbo la kunyonyea hutoka pamoja na gamba. Usipotoka, umeziba njia ya chakula, na buibui ambaye miguu yote imetoka salama na manyoya yake yanang'aa hukaa mbele ya maji asinywe na mbele ya uji asiule, akadhoofu siku baada ya siku. Ndiyo maana wafugaji waliobobea huliloweka gamba lililovuliwa, wakalikunjua chini ya taa na kulikagua kwa kioo, wakikitafuta kile kipande kidogo kinachotakiwa kuwamo nyuma ya kinywa. Kwa ukaguzi huo huo hujua pia kama mnyama ni dume au jike. Wakikikosa kipande kile, huangaliana.

Dume naye ana habari yake. Akishajivua gamba la utu uzima, huwa na vyombo vya uzazi katika ncha za vipapasio vyake, maisha yaliyombakia kwa kawaida ni machache, wala hakuandikiwa kujivua tena. Mara chache hutokea mmoja aliyeishi kupita wenzake akajaribu, na hapo vyombo vile, ambavyo umbo lake halipiti katika gamba jembamba la kipapasio, hunasa. Wako waliomkata vipapasio akatoka, akaishi miezi kadhaa. Mimi singeshauri mtu akeshe kwa ajili hiyo, ila kama hana usingizi.

Juu ya kumpumzisha mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ada ya wafugaji tangu zamani ni kumtia katika friza, na wataalamu wa tiba za wanyama wameanza kuitilia shaka, wakipendelea alazwe kwanza kwa dawa ya usingizi. Wenye insafu hungoja muda mrefu kabla ya kuamua, kwa kuwa kiumbe huyu ameumbwa na subira ya ajabu ya njaa, na aliyelala kama mzoga Jumatatu amepata kuonekana ukingoni mwa bakuli Ijumaa.

Aliyeokoka huandikiwa katika daftari tarehe ya gamba, idadi ya miguu iliyobaki na hali ya chonge, kisha huachwa. Mguu uliopotea huota ndani ya kigutu, umejikunja, hauonekani mpaka gamba lifuatalo. Hutoka mfupi, mwembamba na mwenye rangi hafifu, na katika gamba la pili au la tatu hulingana na wenziwe. Kwa mtoto kazi hiyo humalizika kabla ya mwaka kwisha. Kwa jike mzima, ajivuaye mara moja kwa mwaka au kwa miaka miwili, mguu uliokatwa leo utakamilika baada ya miaka mitatu, au minne, au mitano, na katika muda wote huo bakuli la maji lijazwe.